Nimeshindwa, Sijastaafu

Trondheim, 9 Machi

Mpendwa kaka Torbjørn,

Pokea salamu za dada yako, ambaye ni mzima kabisa isipokuwa meno mawili. Goti lako linaendeleaje? Mwambie wifi Gunvor jibini yake ya kahawia imefika, na imekwisha.

Uliniandikia nikubali kustaafu kwa heshima. Barua hiyo niliisoma mara mbili, kisha nikaitia motoni. Usinune, nisikilize kwanza.

Baada ya kuanguka kwenye barafu mwezi wa Novemba na kuwekewa meno ya bandia, midomo yangu iligoma kuishika basuni. Miaka ishirini na tisa nimekaa kiti cha kwanza nikipuliza lile zumari refu la sauti nzito, halafu ghafla likawa linalia kama mlango wa zizi. Nikarudi kwenye zoezi ninalowapa wanafunzi wa wiki ya kwanza: sauti moja, ndefu, kila asubuhi, mpaka jirani wa juu akaja kuuliza kama nimefuga ndama.

Januari, Halvorsen, meneja wetu wa okestra, akaniita. Alisema mengi juu ya utumishi wangu, juu ya vijana, juu ya hafla na maua. Nikamwambia, "Maua utaniletea kaburini. Kitangaze kiti, weka pazia waamuzi wasituone, tupulize wote. Atakayenishinda akikalie."

Tuva, binti niliyemfundisha tangu ana miaka tisa, alikataa kujiandikisha. Alisema hawezi kumng'oa mwalimu wake. Nilimfuata hadi kwake, nikamwambia akinionea huruma nitajua nimepoteza miaka kumi na mitano. Akalia, akajiandikisha.

Tulikuwa saba, tukaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia, kila mtu na namba yake. Nilipuliza vizuri, kaka. Tuva akanishinda, nami nikawa wa pili. Halvorsen alipokuja na maua yake nilimwambia ampe mshindi, nami nikadai kiti cha pili, kilichokuwa wazi tangu kiangazi. Kanuni zinampa aliyefuatia. Alizipekua akitafuta pa kunikatalia, hakupaona.

Sasa nikuungamie jambo. Mianzi ya kupulizia ya Tuva, vile vipande vyembamba vya kutia mdomoni vinavyotoa sauti ya basuni, nimekuwa nikimchongea mimi tangu utotoni mwake. Juma la shindano nilichonga miwili: mmoja bora kuliko yote niliyowahi kuchonga, na mwingine wa hivi hivi tu. Ule bora nikauficha, nikaupulizia mimi. Ule mwingine nikampa, nikamwambia hakuna unaoupita.

Jumatatu baada ya shindano, kabla ya mazoezi, nikamweleza yote. Akasema, "Nilijua, mwalimu. Niliupuliza mara moja tu nikajua. Nikachonga wangu."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Nilitaka kukushinda ukiwa na ule mzuri."

Basi sasa nakaa kushoto kwake, na kila asubuhi bado nafanya zoezi langu. Jirani amezoea.

Msalimie Gunvor na watoto. Na ukiniandikia tena, niandikie habari za goti.

Ni mimi dada yako,
Ragnhild
Basuni ya pili, kwa sasa