Funguo Tano Mezani Kwangu

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, Kariakoo yote tope, na mimi nimekaa mkavu chumbani na kompyuta yangu. Raha iliyoje!

Mwezi wa tatu sasa kampuni ya bima ninakofanya kazi imetuweka kwenye majaribio: siku mbili ofisini Mikocheni, siku tatu nyumbani. Asubuhi hii nilikuwa na kikao cha mtandaoni na meneja, nimshawishi utaratibu huu uendelee. Naupenda. Namaliza madai mengi kuliko zamani, na jioni nina nguvu ya kupika. Nilijiandaa vizuri, meneja hakunitisha.

Nilichoogopa ni mlango.

Nyumba yetu ina vyumba sita na korido moja, na anayeshinda nyumbani ndiye anayeachiwa funguo. Basi wapangaji wote wananiachia mimi. Nakiri, tangu siku ya kwanza nilishindwa kukataa, nikihofia kuonekana naringa.

Kikao kimeanza tu, hodi. Fundi wa feni anataka ufunguo wa chumba cha tatu. Hodi tena, mtu kasahau mwavuli. Hodi ya tatu, meneja akauliza kama niko stendi. Akafunga kikao, akasema jibu ni Ijumaa.

Nilifungua mlango nimefura. Alikuwa Mama Neema, jirani yangu Mchaga anayeuza mashuka Msimbazi.

"Shikamoo, Mama Neema. Jamani, mwenzenu humu ndani niko kazini."

"Marahaba. Kazini wapi?"

Nikamwonyesha kompyuta, nikamweleza. Akashika mdomo.

"Zuhura! Sisi tulijua umepunguzwa kazi, na zile siku unazotoka unatafuta nyingine. Tukasema tumwachie funguo, asikae peke yake na mawazo. Mpaka kwenye jumuiya yetu ya kanisani tunakuombea kila Alhamisi upate kazi!"

Hasira iliniisha palepale. Mimi mtoto wa Kiislamu, miezi yote hii naombewa na Walutheri, wala sina habari! Nilicheka, kisha machozi yakanilenga. Nilishawaona watu wa kunitumia tu, na nilikuwa nimewakosea.

Tumekubaliana kuanzia kesho funguo zikae kwa mama wa genge la mboga hapo nje.

Ijumaa naisubiri kifua mbele. Hoja zangu zilikuwa nzito hata na zile hodi. Ila Mama Neema alipouliza kama kesho waache kuniombea, nilimwambia wasithubutu.

Wabadilishe ombi tu.