Salamu za Kabula Machimboni

Dada yangu Kabula,

Jana mwanangu Pendo alirudi kutoka shule, akatupa begi na kuniambia, "Mama, mwalimu amesema zamani hata watoto walikuwa watumwa." Nikamjibu, "Kumbe," nikaendelea kuchambua mchicha. Moyoni nilikuita wewe. Pendo hajui kwamba mama yake alikuwa mmoja wao, tena si zamani hivyo, wala hajui nani alimtoa.

Unakumbuka mwaloni pale Rwamgasa, tulipokuwa tunaosha udongo wa dhahabu? Wewe ulikuwa na miaka kumi hivi, mimi hata meno ya mbele sina. Mama Shija, mwenye mwalo ule, alimwambia baba yako kwamba anakupeleka shule Geita. Mimi aliniokota stendi baada ya mama yangu kufariki, akasema ananionea huruma. Huruma gani! Shule yetu ikawa nyundo ya kupondea mawe na ndoo za maji. Ukiuliza lini utarudi nyumbani, fimbo. Geti lilifungwa kwa kufuli, na kuzungumza na wateja alitukataza kabisa.

Lakini salamu hakuikataza. Angeikatazaje, Msukuma yule? Binti asiyepiga magoti mbele ya wakubwa angemwaibisha kwa wanunuzi wake. Hata alijisifu, "Wanangu hawa wana adabu." Wewe ukaliona tundu hilo, na mpaka leo nashangaa ulilionaje kwa umri ule.

Kila mzee aliyeingia ulimwahi, ukapiga magoti kwenye tope. "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Na wazee wetu hawapokei salamu ikaishia hapo. Lazima wakuulize wewe ni ng'wana nani, mtoto wa nani, na kwenu ni wapi. "Ng'wana Masanja, wa Isaka, nyuma ya reli," ulijibu kwa sauti. Wengi waliitikia, wakapita zao. Magoti yako yalichubuka mpaka nikakuomba uache, ukanicheka.

"Katoto, mchimbaji anaacha shimo kwa sababu jana hakupata?"

Bibi muuza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ndiye aliyekutazama mara mbili. Alipanda basi na vikapu vyake, akashuka Isaka, akaulizia kwa Masanja.

Baba yako alipofika na mwenyekiti wa kitongoji, Mama Shija alikuachia bila ubishi. Mkono wangu ndio aliung'ang'ania. "Huyu si wenu. Muulizeni mwenyewe ni mtoto wa nani."

Mwenyekiti akainama, akaniuliza. Baba yangu sikuwahi kumjua hata kwa jina. Nilitazama chini, nikajua nabaki.

Wewe ulikuwa umeshatoka nje. Ukarudi! Kwa miguu yako mwenyewe uliingia tena ndani ya geti lile, ukapiga magoti mbele ya baba yako.

"Mwangaluka, baba. Huyu naye ni ng'wana Masanja."

Mzee alinitazama, mtoto asiyemjua, nywele zimejaa vumbi. Kisha akamgeukia Mama Shija. "Wote wangu. Mwachie mkono."

Polisi walikuja baadaye, na hayo yana habari yake. Mimi nakumbuka zaidi baiskeli ya mzee, wewe nyuma, mimi mbele kwenye bomba, tukielekea stendi. Uliimba njia nzima na sauti yako mbaya ile.

Vumbi la mawe halikukuachia kifua, na tangu tukuzike nyumba imepwaya. Nimeona watu wakubwa wakipigiwa makofi kwa mambo madogo. Sijaona bado kitu cha kunitisha kwa ukubwa wake kama yule mtoto aliyekwisha kuwa huru, akarudi getini kwa ajili yangu.

Leo Pendo akitoka shule nitamsimulia yote. Namsubiri, uji uko jikoni.

Lala pema, dada. Wazee bado wananiuliza, nami najibu bila kutazama chini.

Mdogo wako,
Ng'wana Masanja