Mimea ya Baba Chebet na Pipa Langu la Maji

Kiptere,
Januari 1996

Kwa Dada yangu mpendwa Wangari,

Habari za huko Murang'a? Mguu wa Mama unaendeleaje, na kahawa imewatendea vipi msimu huu? Huku kwetu tu wazima, na Chebet ameanza kutambaa, halali wala halazi. Kwa upande wa afya sina la kulalamika. Kwa mengine ninalo, na nakwambia wewe peke yako, maana jirani atanicheka.

Dada, nina wivu. Ninaionea wivu mimea.

Mwaka jana shemeji yako alipewa miche na Mwalimu Rose, anayefundisha bailojia kwenye shule ya wasichana. Ni mimea inayokula nzi. Kila jani lina kinywa chenye meno. Nzi akitua, jani linajifumba, na huyo hatoki tena. Baba Chebet, ambaye hajawahi kuniuliza kama nimekula, kila asubuhi huenda kuangalia kama mimea imekula. Jumapili baada ya kanisa huipanga barazani kwenye mikebe yake, watu waje washangae. Mwalimu Rose naye huja, miguu ikimetameta kwa mafuta, na wawili hao huinamia mkebe mmoja mpaka vichwa vinakaribia kugusana.

Mimea hii ikipewa maji ya mfereji inakufa. Inataka ya mvua. Nani anayakinga? Ni mimi. Nani anawinda nzi kwenye boma la ng'ombe, kiberiti kitupu mkononi? Ni mimi. Lakini wageni wakiuliza anayeitunza ni nani, yeye hujibu, "Ni mimi na Mwalimu." Punda afe, mzigo ufike.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Merigi. Watu wa chai unawajua: wakiona kitu kimekonda, wanakitia mbolea. Akaikuta mimea kwenye mikebe yake ya mchanga, akaihurumia.

"Hii maua inakufa njaa," akaniambia. "Nimeiwekea ile mbolea ya majani, kidogo tu."

Kumbe kwa mimea hii mbolea ni sumu. Kesho yake vinywa vilianza kuwa vyeusi. Baba Chebet hangeweza kumfokea mama yake, basi akanijia mimi, uso umesawijika.

"Mama Chebet, Mwalimu amesema tuoshe hiyo mchanga na maji ya mvua, mingi. Na mvua imepotea. Ni pipa yako tu iko nayo."

"Hiyo ni ya kufua nepi."

"Tafadhali. Ikipona, kila mtu atajua ni wewe."

Nikalainika, Dada. Mchana kutwa tuliiosha, mimi nateka, yeye ameshika mikebe, tukacheka kama siku zile alipokuwa akija kunichumbia. Karibu yote ikapona.

Leo Mwalimu Rose amekuja. "Uliiokoa aje?" akamwuliza Baba Chebet. Nilikuwa nimesimama papo hapo na trei ya chai. Nikangoja.

"Aah, ni maji ya mvua tu," akasema.

Tu! Nimeiweka trei chini, nimekwenda nyuma ya nyumba, nikafua nepi, shuka, mapazia, hata gunia la kupangusia miguu, mpaka pipa likakauka. Na mbingu haina hata wingu.

Nisalimie Mama, umwambie asijifanye msichana kupanda ule mlima wa kanisa. Msalimie Shangazi wa kwaya, na mume wako pia, ambaye nasikia bado anakubebea kuni. Usimwambie nimezitaja kuni.

Niishie hapa, maana kelele zimezidi. Baba Chebet yuko nyuma ya nyumba na birika mkononi, amekuja kuteka maji ya mimea. Leo haniiti Mama Chebet. Ananiita kwa jina langu, tena kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tangu tuoane. Majirani wote wanamsikia.

Sijaitika bado.

Mdogo wako,
Wanjiru