Kazi Iliyoisha Kabla ya Kuanza

Shangazi Katarina, shikamoo. Nina jambo linaninyima raha, nikaona nikuandikie wewe kabla sijamwambia mama. Mimi ni Perpetua wa Mikumi, nafanya kazi kwenye ofisi inayowatumia wakulima meseji za mvua na bei za mazao, kuanzia Dumila mpaka Kidete, na kompyuta yetu inazituma yenyewe chinichini huku sisi tukiendelea na mengine, na mchumba wangu Zabron ndiye aliyetengeneza programu inayoandika kila kazi imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi, imechukua muda gani. Sasa juzi ripoti ikaonyesha kazi imeanza saa tatu na robo, ikaisha saa tatu na dakika tano! Bosi, Mama Lightness, akasema Zabron anapika takwimu, na Jumatatu anamfukuza. Zabron anaapa hajagusa kitu. Mama Lightness ni mtu mwema, hata saa ya kompyuta huisogeza mbele kila asubuhi ili tusichelewe, kama anavyofanya nyumbani kwake, na intaneti ikirudi saa hiyo inajirekebisha yenyewe, kwa hiyo sidhani ana chuki. Natamani sana kujua ilikuwaje, Shangazi, maana posa imeshapokelewa, na kama mtu anadanganya kwenye dakika, mimi si ndiyo atanimaliza?

Perpetua, Mikumi

Marahaba, Perpetua. Pole, ila na wewe mwanangu! Mwizi wa dakika umemtaja mwenyewe, tena ukamsifia, halafu unaniuliza ilikuwaje?

Kazi ilianza saa ikiwa imesogezwa mbele. Kabla haijaisha intaneti ikarudi, saa ikarudishwa nyuma mahali pake. Basi! Kosa la Zabron ni kuamini saa ambayo kila mtu anaigusa. Ungejuaje maharage yamechemka muda gani huku mtu anazungusha mishale ya saa ukutani? Kompyuta ina kihesabu kingine ndani, chenyewe kinakwenda mbele tu tangu ilipowashwa, hakijali saa ya bosi wala ya intaneti. Muda wa kazi upimwe kwa hicho.

Na ndoa? Mwanaume aliyeacha ripoti ya kumuumbua isomwe na ofisi nzima, huyo kudanganya hajui.

Ila usiende kumsomesha bosi mbele ya watu. Jumatatu mapema mwamkie, mwombe akae kwenye kiti cha Zabron. Anzisheni kazi ndefu, na ikiwa inaendelea, airudishe saa nyuma kwa mkono wake, kisha asome ripoti. Nyinyi nyamazeni, mwacheni aamue mwenyewe anamfukuza nani.