Tangi la Bwana Harusi

Shikamoo, Babu. Najua umeitikia.

Tangu ulipotangulia, kuanzia Likoni mpaka Lunga Lunga hakuna fundi wa matangi ya samaki anayenifikia, na hapo nimejizuia. Samaki wakinisikia mlangoni wanapona wenyewe kwa kuona haya. Mimi huyu uliyeniambia kuwa shule ilinikimbia.

Bibi, mke wetu, hajambo. Eda imekwisha, amerudi kwenda harusini na ananitukana kila asubuhi, kwa hiyo ujue ana afya. Usione wivu, mume mwenza, chai ya tangawizi sasa nanywa mimi. Ila lile tangi lako la barazani li tupu. Bwana Harusi, yule samaki wako, alikufa siku ya tatu baada ya hitima yako ya arubaini, na Bibi kila mgeni anayeingia humwonyesha kile kioo, akasema, "Samaki yule alimfuata mwenyewe. Hakuweza kukaa bila yeye." Watu hufuta machozi. Nilitaka kumletea mwingine, akakataa. Akanitazama hivi, akasema, "Samaki amemlilia mume wangu kuliko wewe." Nikacheka.

Acha nikupe habari ya Diani ufurahi. Mutua, yule mlinzi wa ile nyumba ya wazungu yenye tangi refu kama jeneza, alinipigia simu alfajiri. "Buda, hizi samaki zinakufa tu." Nikamwambia kwanza anisalimie. Nilipofika niliwakuta wote juu, midomo nje, wanahema kama watu waliokimbizwa. Na maji yalikuwa meupe, Babu, unaweza kuyanywa. Mtu mwingine angesema ni ugonjwa, angemwaga dawa. Mimi nikafanya kama wewe, nikawaacha samaki nikamgeukia binadamu. "Tangu juzi mumefanya nini hapa?"

"Hakuna."

"Mutua."

"Nimeosha tu ile sponji ya chujio. Ilikuwa chafu sana. Nikaisugua kwa mfereji mpaka ikawa nyeupe."

Nikadondosha matone ya kupimia kwenye kichupa cha maji ya tangi. Badala ya kubaki manjano yakawa kijani cha mwembe. Amonia. Nilikusikia kabisa ukisema, "Ule utelezi wa sponji ndio unaokula sumu ya mikojo yao. Ukiuosha kwa maji ya mfereji yenye dawa ya kuua vijidudu, umewafukuza wapishi na wafagiaji kwa siku moja."

Basi nikatoa robo ya maji, robo tu, nikarudishia ya kisima niliyoyalaza kwenye pipa. Mpira wa hewa nikaufungulia wote. Chakula nikakataza siku mbili. Kisha nikapanda boda mpaka kwa daktari wa meno pale Ukunda, nikachukua sponji ya tangi lake, nyeusi inanuka, nikaja kuikamulia ndani ya tangi la wazungu. Mutua alishika kichwa. "Unawekea watu uchafu?" Nikamwambia, "Huu ndio dawa, wewe nunua sabuni uoshe gari."

Amekufa mmoja tu. Wengine siku ya nne walikuwa wanagombana, na wewe ulisema samaki anayegombana ni mzima. Mwenye nyumba amenipa na tangi la jirani yake. Sasa nina matangi kumi na moja, Babu, wewe ulikufa na manane. Sisemi kitu.

Mutua aliniuliza nilijuaje upesi vile. Nikampa maneno mengi ya fundi. Wewe sitakupa, kwa kuwa unanijua.

Siku mbili kabla ya hitima nyumba nzima ilikuwa inasuguliwa. Bibi anafua mapazia, mashangazi wanang'arisha sinia, na mimi nikaliona tangi lako limeota ukijani. Nikasema, haiwezekani shehe na jamaa wote wa Msambweni waje waone hivi. Kisima kilikuwa na foleni ya ndoo za wapishi. Nikafungua mfereji. Nikatoa maji yote, nikasugua kokoto, nikasugua sponji mpaka ikawa nyeupe. Liling'ara. Wageni walilisifu. Na Bibi alipoanza kusema samaki kafa kwa huzuni, niliitika wa kwanza.

Basi pumzika, mume mwenza. Mola akupanulie hapo ulipo na akupe jirani asiye na kelele. Ahadi yangu ni hii: Ijumaa, nikitoka kukusomea Fatiha, nitapitia kwa mke wetu na kumwambia kabla sijavua kofia. Atalia upya, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemliza. Bwana Harusi hakufa kwa kukulilia. Nilimwua mimi, Babu, nikitaka watu waseme mjukuu wako naye ni fundi.