Figo la Mize na Nyusi Zangu

Jumatano, 3 Mfungo Sita
Vidonge vya asubuhi nishameza. Uji nishakunywa. Pua imezidi. Vimiba vidogo, vikavu, vimesimama kama makonyo ya karafuu. Nikisujudu vinakwaruza mkeka. Nyusi nazo zinapukutika, leo zimeingia kwenye uji. Jirani yangu Makame anasema ni figo. Dada yangu Mize alinipa figo lake, basi sasa nageuka mwanamke, nimeanza kutoa nyusi. Nimemwambia akitaka kunioa, mahari yangu kubwa. Nimecheka. Nimeudhika lakini.

Ijumaa, 12 Mfungo Sita
Nimefanya ujinga. Nyusi zimekwisha, nami sikutaka kwenda msikitini na uso kama yai. Nikachukua wanja wa marehemu mke wangu, nikajichora. Nikapendeza. Nikasahau udhu! Maji ya kwanza usoni, wanja ukateremka mpaka ndevuni. Watu wote kwenye birika la udhu wakanitazama. Kisha Makame: "Bi harusi analia!" Hata imamu kacheka. Nimesali na michirizi.
Jioni nikaipaka pua mafuta ya makonyo, maana huku kila kitu twakipaka mafuta ya makonyo. Imewaka moto. Basi. Naenda Dar kwa daktari.

Jumatatu, 22 Mfungo Sita
Dar. Daktari wa ngozi, binti mdogo, alinikata kipande cha pua. Leo majibu. Ni kirusi. Anasema watu wengi wanacho, kimelala tu. Changu kimeamka na kujenga kwenye vinyweleo, kwa kuwa vidonge vyangu vimewalaza askari wa mwili wasilipige figo la kupewa. Ni ugonjwa adimu. Wanafunzi wamekuja kuipiga pua picha. Nimewageuzia upande mzuri.
Kisha habari mbaya. Dawa ni kupunguza kidonge kimoja, na kupaka dawa maalumu. Lakini askari wakiamka, huenda wakalishambulia figo la Mize. Nimeogopa. Nimesema nitafikiri. Uongo. Nimeshaamua kubaki na pua yangu.

Alhamisi, 25 Mfungo Sita
Nyumbani Wete, Pemba. Sikutaka Mize ajue. Makame kamwambia, mdomo wake haufungi. Mize kaja kutoka Vitongoji, hata buibui hakuvua.
"Kaka, figo nilikupa, sikukuazima. Kipunguze hicho kidonge."
"Na likifa?"
"Likifa tutalilia, kisha tutakula. Weye usinikere na uso huo."
Nimelia chooni. Nimempigia daktari. Nimekubali.

Alhamisi, 9 Mfungo Saba
Kidonge kimepungua. Kila asubuhi natazama miguu kama imevimba. Nausikiliza mkojo. Sijapata kuupenda mkojo namna hii. Mize akipiga simu, salamu hakuna. "Umekojoa?"
Damu imepimwa. Kipimo cha figo kimepanda kidogo, na hicho kikipanda ni kibaya. Daktari anasema tungoje. Nalichukia neno hilo. Makame kanitania, nikamwonyesha karatasi ya kipimo. Kaondoka kwa adabu. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Jumamosi, 17 Mfungo Nane
LIMESHINDA! Kipimo kimeshuka, kimetulia. Daktari anasema figo liko imara. Na vimiba vinadondoka nikinawa! Nimezunguka soko zima la Wete kuonyesha pua. Muuza pweza kanipa kipande nimwondokee mezani. Makame nimemlazimisha aiguse. Kirusi kimetimuliwa, figo la Mize liko kazini. Sisi wakongwe wawili tumekipiga!
Nimempigia Mize. "Nakojoa kama bomba lililopasuka!" Kumbe yuko arusini, simu kaiweka sauti kubwa. Ukumbi mzima vigelegele. Sijapigiwa vigelegele vingi hivyo hata siku niliyooa.

Ijumaa, 6 Rajabu
Birikani. Nimenawa uso. Makame kaacha udhu wake, ananitumbulia macho, anangoja wanja uteremke. Nikanawa tena, polepole. Nikasugua. Hakikuteremka kitu. Kainama karibu kabisa, akazitazama nyusi mpya. Fupi, nyeupe, zangu. Karudi kwenye udhu wake.
Tumeingia kusali. Nimeweka pua juu ya mkeka. Haikukwaruza.