Maganda Mia Sita

Wade,

Supu ya kulungu iko kwenye friji, ipashe moto mwenyewe. Mbwa bado hajapewa dawa.

Mashine yako ya umeme ya kupunguzia urefu maganda ya risasi zilizotumika, kabla hujayajaza baruti upya, nimeiacha mezani kwenye gereji. Ni ile ile inayokata na kulainisha mdomo wa ganda kwa mara moja, niliyokuomba tangu kidole gumba kianze kuniuma. Ukaniambia, "Ya mkono inatosha, Lorna, acha kudeka." Miaka tisa nimezungusha mpini ili wewe uende kuwinda. Mwezi uliopita nikapasuliwa kidole, ukakata mwenyewe siku nne tu, ukaagiza mashine.

Hilo ningelimeza. Lakini leo asubuhi, ulipofungua boksi, nimekusikia ukimwambia kaka yako kwenye simu, "Nimemnunulia Lorna zawadi. Sasa atakata mara mbili ya zamani."

Niko kwa dada yangu, mjini Billings. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Jumapili usinisubiri.

Ukikata ganda la kwanza lipime kabla hujaendelea, usije ukayafupisha yote kupita kiasi. Yapo mia sita kwenye ndoo, nimeshayaosha. Zawadi yangu itumie wewe.

Mkeo